Ukiwa Tauni, Sema Uko Tauni

Minayo, mama yangu,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, nimeegesha kando ya ukuta wa mteja wangu Mama Bharti hapa Loresho. Nimekuja kumpeleka tauni, katikati ya jiji, kwa fundi wake wa nguo, lakini ameingia tena ndani kutafuta miwani, na hiyo miwani yake naijua, itachukua nusu ya alasiri. Karatasi nimeiweka juu ya usukani. Ukiona mistari inapanda na kushuka, nivumilie tu. Mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa namwandikia mama yako kabla hatujaoana, na yeye husema alizitupa zote.

Utauliza kwa nini nisikwambie kwa mdomo, na sisi tunalala nyumba moja. Unajua kwa nini. Tangu Jumapili mimi na wewe hatujasemezana vizuri. Nimekuwa nikikutumia maneno kupitia kwa mama yako kana kwamba umeshafika Vancouver. "Mwambie huyo msichana chai imeiva." Na wewe umekaa papo hapo mezani unanitazama. Mama yako naye anageuka anakwambia, "Minayo, umeambiwa chai imeiva," halafu anageuka kwangu, "Amesikia." Mtu akipita dirishani akatusikia atadhani tumepata wazimu.

Nakuita mama kwa sababu ulipewa jina la mama yangu, na kwa sababu tangu uanze kuongea umekuwa ukiniamrisha kama yeye. Lakini Jumapili ulinishinda. Tulikuwa tumemaliza kula, ukapangusa mikono, ukasema polepole, kama mtu aliyekuwa amejizoeza chumbani, "Baba, siku ya kwenda usiendeshe wewe. Nitaita teksi."

Uniitie teksi mimi, dereva wa teksi. Nimewapeleka watoto wa Loresho uwanja wa ndege tangu wewe hujui kuvaa viatu. Nikakuuliza, "Kwani gari yangu inanuka?" Ukasema, "Si hivyo, Baba." Nikakuuliza, "Ama unaona haya?" Ukaanza kukusanya sahani. Basi nikatoka nje nikaanza kuosha gari nililokuwa nimeliosha asubuhi. Nililisugua mpaka mama yako akatoa kichwa dirishani akaniuliza kama ninataka kuitoa rangi.

Kesho jioni unaondoka, na mimi sitaki uondoke tukiwa hivi. Hicho ndicho kisa cha barua yote. Sitakuandikia habari za sweta, wala za kanisa, wala za wanaume. Hayo mama yako ameshayasema, na aliyoyasahau atayasema kesho akiwa amekalia begi ili zipu ifunge. Ile vita yenu ya kubeba omena, dagaa hao wa mama yako, mimi nimejitoa. Ukibeba, ukiacha, usiniite shahidi.

Unakumbuka siku tiketi yako ilipopatikana? Nilikuuliza Vancouver ni mbali kiasi gani. Ukaangalia simu, ukaniambia ukipima moja kwa moja bila kona, kutoka uwanja wetu mpaka uwanja wao, ni zaidi ya kilomita elfu kumi na nne. Nikapiga hesabu yangu ya dereva. Nikaona ni kama nimeenda Mombasa nikarudi, nikaenda tena nikarudi, mara kumi na nne, na mwisho wa hiyo safari yote niko kwa watu nisiowajua na nje ni baridi. Halafu kwa ujuaji wangu nikasema, "Basi ndege itapita juu ya Kisumu, ivuke Kongo, iingie baharini, itokee Kanada." Si Kanada iko magharibi?

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukaenda ukaleta ile globu ndogo ya dunia uliyopewa zawadi shuleni, ukachukua uzi wa mama yako wa kufuma. Ncha moja ukaniambia niishike Nairobi, nyingine ukaishika wewe Vancouver, ukavuta. Uzi ukakataa kabisa kupita Kisumu. Kila nikiusukuma unateleza unapanda juu, Sudan, ukavuka bahari, ukapita Ulaya, ukakwea mpaka karibu na kule kwenye barafu tupu, ndipo ukateremka Kanada. Ukaniambia hiyo ndiyo njia fupi. Nikaiangalia muda mrefu. Nimeendesha watu miaka yote hii na sikujua njia fupi inaweza kuonekana imepinda kiasi hicho.

Ukaniambia pia hakuna ndege inayoenda moja kwa moja. Ingekuwepo, ingekaa angani kama saa kumi na sita. Lakini yako inatua Amsterdam, unangoja huko, unapanda nyingine, kwa hivyo mtu akitoka kwetu Kinoo mpaka afike ni mchana na usiku wake na kitu juu. Na ukifika, saa za huko ziko nyuma yetu kwa saa kumi. Sisi tukiwasha taa saa moja jioni, nyinyi ndiyo mnaingia saa tatu asubuhi, siku ile ile. Nilipenda sana kulijua hilo, na nilijifanya nimelielewa mara moja. Kisha nikaenda kulala na usingizi haukuja. Nilikuwa nafikiria ule uzi. Ncha moja niliishika mimi.

Sasa nikwambie ninachokijua mimi, maana hicho cha kwako ni cha vitabu. Kutoka Kinoo hadi uwanja wa ndege ni kilomita thelathini na kitu. Jumapili alfajiri unashuka Waiyaki Way, unapanda ile barabara ya juu pale Westlands, na kabla redio haijamaliza taarifa ya habari umefika. Ijumaa jioni mvua ikinyesha, ndege imeruka na wewe bado unatazama taa nyekundu za gari la mbele, na hata Kangemi hujaimaliza. Kilomita ni zile zile. Ndiyo maana abiria wa Nairobi haniulizi ni mbali kiasi gani. Ananiuliza, "Tutafika saa ngapi?" Na hapo ndipo uongo wetu madereva unapoanzia.

Dereva wa mji huu akipigiwa simu aulizwe yuko wapi, hasemi alipo. Anasema pale anapotamani awe. "Niko hapa tu." "Nimeshaingia kona ya kwenu." Na hata kiatu hajavaa. Hatuoni kama ni uongo. Tunaona ni adabu, kama kumkaribisha mgeni chakula ambacho bado hakijapikwa. Mteja anatulia, wewe unapata nafasi ya kukimbia, mwisho mnakutana na maisha yanaendelea.

Mimi adabu hiyo niliileta mpaka nyumbani. Ulikuwa darasa la pili, shule iko Uthiru, mama yako alikuwa ameshaenda Doha kufanya kazi, na kukuchukua jioni ilikuwa juu yangu. Nilikuwa nampigia yule mlinzi wa geti. "Mwambie Minayo niko Kangemi, nafika sasa hivi." Nami niko River Road, sijasonga hata kidogo, konda ananitukana kwa kumzibia njia. Nilidhani nakuliwaza.

Siku moja nimefika, giza linaingia, mlinzi akanijia anacheka. Akaniambia, "Baba Minayo, mtoto wako amenifundisha ramani yako." Nikamwuliza ramani gani. Akasema, "Ukisema uko Kangemi, bado uko tauni. Ukisema uko Uthiru, uko Westlands. Ukisema unaona geti, ndiyo unaingia Kangemi." Siku hiyo nilikuwa nimesema naona geti, na wewe ukamwambia, "Anaona geti, basi tukae kwanza," ukafungua begi ukafanya homuwaki.

Nilicheka kwa sababu yeye alicheka. Lakini nikikuangalia kwenye kioo cha gari tukirudi, umelala na mdomo wazi, haikunichekesha tena. Hukunilaumu kwa kuchelewa, foleni ulikuwa unaijua tangu ukiwa mgongoni. Ulichofanya ni kuacha kuniamini ukaendelea kunipenda, vyote viwili kwa pamoja, bila kelele. Ulikuwa na miaka saba. Hilo linaniuma mpaka leo, Minayo, na sijawahi kukwambia.

Kwa hivyo kuna kitu kimoja tu nitakuomba, na uniambie kesho kama utakiweza. Ukiwa tauni, sema uko tauni. Nikikuuliza habari za huko na umekuwa ukilia tangu asubuhi, usiniambie, "Niko sawa, Baba." Hiyo ni Kangemi. Hata ukiisema kwa sauti nzuri nitaitambua, mimi ndiye niliyeianzisha. Sema, "Baba, leo ni vibaya." Sitaweza kufanya lolote, najua. Kilomita elfu kumi na nne sitazifuta. Lakini nitakuwa nakungojea pale ulipo, si pale uliposema. Mtu akingojea mahali pasipo pake anachoka bure.

Ngoja. Mama Bharti anatoka. Miwani ilikuwa kichwani.

Sasa niko tauni. Niko Mtaa wa Biashara, nimebanwa kati ya mkokoteni na gari la kuleta vitambaa, Mama Bharti yuko ghorofani kwa fundi anabishana juu ya mkono wa blauzi. Umenitumia ujumbe sasa hivi, wa kwanza tangu Jumapili. "Baba uko wapi?" Nikakujibu, "Tauni." Halafu ukaandika, "Tauni kabisa? Ama ukisema tauni uko Mombasa?"

Nimecheka peke yangu humu ndani mpaka yule wa mkokoteni amegeuka kuniangalia. Nimekujibu, "Tauni kweli." Umenitumia kale kauso kanakotoa machozi ya kicheko. Nimekaangalia zaidi ya inavyofaa mtu mzima.

Nikwambie kilichotokea njiani. Mama Bharti alipigiwa na kitinda mimba wake, yule wa Toronto. Yeye simu huiweka sauti kubwa, kwa hivyo mambo ya nyumba ile nayajua kuliko yetu. Wakaongea Kigujarati, wakaongea Kiingereza, na mwisho Mama Bharti akaingia kwa Kiswahili chake, kama anavyofanya akikasirika. "Wewe nakuja lini?" Yule kijana akasema, "Mwaka ujao, Mummy. Mwaka ujao lazima." Simu ikakatika. Tulipofika pale Museum Hill ndipo aliponiambia, "Baba Minayo, hii mwaka ujao nasikia mpaka imezeeka."

Wale watoto wake watatu niliwapeleka mimi uwanja wa ndege, mmoja baada ya mwingine. Kila mara, tukishawaacha, alikuwa ananikataza kurudi moja kwa moja. Ananiambia nisimame kando ya barabara, mahali anapoweza kuona ndege zikiinuka. Hajui ni ipi yenye mtoto wake. Anazitazama zote. Mimi nilikuwa nakaa pale mbele naangalia saa, namfikiria mteja mwingine anayenisubiri, nikimwona ni mama mwenye muda mwingi. Leo nilitamani kumwambia, "Mama, huyo mtoto yuko Kangemi." Nikajizuia, maana nilimwona anajua. Ana ramani yake.

Kwa hivyo sikuombi uniahidi kurudi. Nataka urudi, nisikudanganye. Lakini ikifika siku uone kwamba hurudi upesi, kazi imekushika, ama tiketi haipatikani, ama umepata mtu na huyo mtu hawezi kuishi Kinoo, niambie hivyo hivyo. Usinipe mwaka ujao. Nitakasirika. Nitatoka nje nioshe gari. Halafu nitarudi ndani, na utanikuta bado niko kwenye simu.

Sasa nifike pale nilipokuwa nakwepa.

Leo asubuhi ulipokuwa ukioga, mama yako alinikalisha jikoni. Akaniuliza, "Unajua kwa nini Minayo hataki uendeshe?" Nikamwambia anaona haya na gari langu. Akanitazama vile anavyomtazama mtu aliyeleta nyanya zilizooza. "Baba Minayo," akasema, "mtoto aliniambia hivi. Baba akiendesha hanitazami, anatazama barabara. Tukifika ataambiwa atoe gari, na atatoa. Nataka siku hiyo asiwe na gari."

Nikauliza nani alimwambia nitaondoka. Akasema, "Mimi. Nilimhadithia ya Doha."

Ya Doha niliijua, ama nilidhani naijua. Nilimpeleka mama yako mwenyewe, wewe tulikuacha kwa shangazi yako. Njia nzima hatukuongea, mimi nikatazama barabara. Tulipofika mlangoni, askari akagonga bati la gari, "Songa, songa, toa gari." Nikashusha begi lake nikaliweka chini, nikasema, "Haya, safari njema, karibu tena." Kama ninavyomwambia kila abiria. Mke wangu anaenda miaka miwili, na mimi namwambia karibu tena. Nikaingia ndani nikaondoka, kulikuwa na mteja ananingoja. Hiyo sehemu mama yako huisimulia mwenyewe watu wacheke, umeisikia. Mimi pia huwa nacheka.

Lakini leo aliniambia iliyobaki. Hakuingia ndani. Alidhani nimeenda kuegesha gari, kwamba narudi kumuaga vizuri. Akasimama pale mlangoni na begi lake. Akanipigia simu, akaniuliza, "Uko wapi?"

Ile simu naikumbuka, Minayo. Naikumbuka vizuri. Nilikuwa nimeshafika Nyayo, karibu naingia tauni, napigania njia na lori. Na mdomo wangu ukasema wenyewe, kwa mazoea, "Niko hapa tu." Nikakata nikaendelea na lori. Sikufikiri tena juu ya hiyo simu mpaka leo asubuhi.

Kwa hivyo akangoja. Akawa anaangalia kila gari linaloingia. Watu wa safari yake wakapita wote. Akaendelea kungoja mpaka yule yule askari aliyenifukuza akamwambia, "Mama, wewe utaachwa." Hapo ndipo akaingia, akakimbia na begi, na huko angani, akaniambia, hakulia kwa kuacha nyumba. Alilia kwa sababu alidhani nimerudi nikamkosa pale mlangoni, na mimi nitakuwa namtafuta.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Akasema, "Nilipofika kule nikapiga hesabu ya dakika, nikaelewa hukugeuza gari. Nikaona ni mbali sana kugombana." Halafu akanimiminia chai, akaniwekea sukari aliyonikataza daktari. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Nilitoka nje. Ndoo ya kuoshea gari ilikuwa pale pale nilipoiacha Jumapili. Nikaiangalia, nikaiacha.

Nilikuwa nimeamini kwamba mtu anakwenda mbali siku ile anapopanda ndege. Mama yako alikuwa mbali na mimi kabla hata hajaingia mlangoni, na mimi ndiye niliyempeleka huko, kwa maneno matatu. Doha si mbali sana, unafika kabla ya siku kuisha. Lakini sisi wawili ilituchukua muda mrefu sana kurudi baada ya yeye kurudi. Ulikuwa mdogo, labda hukuona. Alikuwa anakuja mezani anakula, anacheka, na kuna kitu akawa hanipi. Nikadhani ni jua la kule limembadilisha. Sikumwuliza. Naye akiulizwa na watu habari, anasema yuko sawa. Alikuwa amejifunza kwangu.

Hilo ndilo ninaloliogopa juu yako, na sasa nimelisema. Siogopi ndege, ndege zina watu wake. Siogopi Vancouver. Naogopa uwe kule na mimi niwe hapa, tunapigiana simu kila Jumapili, wewe uko sawa na mimi niko hapa tu, na katikati pana mtu amesimama mlangoni na begi anaangalia magari.

Sikiliza sasa mpango wa kesho, na usibishane, mimi bado ni baba yako. Usiite teksi ya simu. Nimempa Ouma funguo, yule dereva mwenzangu wa stejini hapa Kinoo. Ouma huendesha polepole mpaka mtu anasikia hasira, kwa hivyo tutatoka mapema. Mimi nitakaa nyuma. Wewe utakaa katikati, mama yako upande ule mwingine, na omena kama imeshinda itakaa mbele na Ouma. Nitakutazama wewe. Barabara aitazame Ouma. Nitajaribu kutomwambia apite wapi. Hilo siliahidi, nisije nikaanza na uongo.

Tukishashuka, Ouma ataondoka na gari. Nimemwambia asitusubiri. Mimi na mama yako tutarudi kwa basi, tukiwa tayari kurudi. Sijui itakuwa saa ngapi, na kwa mara ya kwanza sijali.

Halafu utaingia. Sisi tusiosafiri tunazuiwa nje, unajua. Lakini ukigeuka pale mlangoni utaniona. Ukifika kwa ukaguzi ukageuka tena, utaniona, hata kama ni kofia tu nyuma ya vichwa vya watu. Ukishapita huko kusikoonekana, nipigie uniulize niko wapi. Nitakuwa pale pale nitakaposema. Na ndege zikianza kuinuka nitazitazama zote, kama Mama Bharti, maana sitajua yako ni ipi.

Yule askari atakuja, wao hawakosi. Ataniona nimesimama muda mrefu, atadhani ni dereva kama siku zote, aniambie, "Mzee, songa, toa gari."

Nitamwambia, "Gari sina. Niko hapa na mtoto wangu."

Baba yako